Mkuu wa polisi aliyefukuzwa bila kusikilizwa

Machi 7, 1958, kamati iliyosimamia polisi katika mji wa Brighton, Uingereza, ilimfukuza kazi mkuu wa polisi wa mji huo, Charles Ridge. Utumishi wa miaka 33 ukakatika siku hiyo, pamoja na pensheni. Hakuitwa kikaoni, wala hakuandikiwa tuhuma.

Siku chache kabla, Ridge alikuwa ameachiwa huru katika kesi ya kula njama za kupotosha haki. Lakini jaji, akiwahukumu askari wake wawili, aliukosoa vikali uongozi wake. Kamati ikaona maneno hayo yanatosha. Machi 18 ikamsikiliza wakili wake, kisha ikashikilia uamuzi uleule kwa kura 9 dhidi ya 3. Rufaa kwa Waziri wa Mambo ya Ndani ikagonga mwamba. Mahakama mbili nazo zikamkatalia.

Mwaka 1963, Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati ule, likaubatilisha uamuzi. Lodi Reid alieleza kuwa mtu ambaye sheria hairuhusu aondolewe pasipo sababu lazima aambiwe kosa lake na apewe nafasi ya kujitetea. Malodi hawakumsafisha Ridge, waliangalia utaratibu.

Msingi huo tunao hata sisi. Sheria ya Utumishi wa Umma ya Tanzania ya mwaka 2002 inataka hati ya mashtaka, nafasi ya kujitetea na uchunguzi kabla mtumishi hajafukuzwa. Kenya imeuweka kwenye Ibara ya 236 ya Katiba ya 2010.

Hata hivyo, mahakama si kimbilio la kwanza. Tangu mwaka 2016, mtumishi wa umma wa Tanzania hutakiwa kumaliza kwanza ngazi za rufaa za sheria hiyo, zikiwamo Tume ya Utumishi wa Umma na Rais. Kenya nako, majaji husita kusimamisha kikao cha nidhamu kinachoendelea, isipokuwa utaratibu umekiukwa waziwazi.

Ni busara kuziachia ofisi nidhamu yake, lakini kwa sharti moja: zisikilize kwanza. Ridge alisubiri miaka mitano kupata haki ambayo kamati ingeweza kumpa kwa barua moja na kikao kimoja. Kila mamlaka ya nidhamu inayoruka hatua hizo humtesa mtumishi, na hujiandalia kushindwa mahakamani hata pale tuhuma zake zilipokuwa za kweli.