Ruta ilifikaje Kibera na Kawangware?

Leo tuweke msimbo kando kidogo, wasomaji wangu. Nataka tuzungumzie kile kisanduku chenye antena mbili ambacho siku hizi unakiona kimening'inia msumarini juu ya televisheni, taa zake za kijani zikimetameta usiku kucha. Ruta. Watu wengi hudhani historia yake hapa Nairobi ni historia ya bei tu: ilikuwa ghali, ikashuka, tukanunua. Mimi sikubaliani. Nenda Luthuli Avenue uone ruta zilivyopangwa kama nyanya sokoni, mpya na za mitumba. Kisanduku chenyewe hakijawahi kuwa tatizo kubwa. Kabla ruta haijawaka inataka laini inayoingia nyumbani, stima isiyokatika ovyo, na mtu mwenye haki ya kutoboa ukuta. Hayo ndiyo yaliyochelewa Kibera na Kawangware, na sababu zake hazifanani.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1985 FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, ilifungua masafa ya 900 MHz, 2.4 GHz na 5.8 GHz yatumike bila leseni kwa mawasiliano ya kompyuta. Haya yalikuwa masafa ya makapi. Kwenye 2.4 GHz oveni za maikrowevu zilikuwa zinapiga kelele tayari, na hakuna kampuni kubwa ya simu iliyoyatamani. Huko Nieuwegein, Uholanzi, wahandisi wa kampuni ya NCR walikuwa wanatafuta njia ya kuunganisha mashine za keshia madukani bila waya. Mmoja wao, Vic Hayes, ndiye aliyeongoza kamati iliyotoa kanuni ya 802.11 mwaka 1997, yenye kasi ya megabiti 2 kwa sekunde. Mwaka 1999 ikaja 802.11b yenye megabiti 11, na mwaka huohuo kampuni ya kubuni majina ya bidhaa ikalipwa kubuni jina la Wi-Fi. (Jina hilo halina maana yoyote. Lilibuniwa lisikike vizuri, basi.)

Kwa sisi waandishi wa programu, mwaka wa kukumbuka ni 2003. Linksys ilikuwa imetoa ruta ya WRT54G mwishoni mwa 2002, ile ya rangi ya buluu na nyeusi, na watu wakagundua kwamba ndani yake mna Linux. Leseni ya GPL inasema ukisambaza programu kama hiyo lazima utoe msimbo wake. Walisumbuliwa mpaka wakautoa. Mwaka 2004 mradi wa OpenWrt ukaanza kutokana na msimbo huo. Tangu hapo ruta ya bei rahisi ikawa kompyuta ndogo ambayo unaweza kuifundisha kazi ambayo kiwanda hakikuifikiria. Kumbukeni hilo, tutalirudia.

Sisi Nairobi tulikuwa wapi wakati huo? Tulikuwa tunabishana kama paketi inaruhusiwa kwenda Westlands kutoka mjini bila kupitia ng'ambo. Sitanii. Telkom Kenya ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba mawasiliano ya nje, kupitia mtandao wake wa Jambonet ulioanza 1998. Novemba 2000 watoa huduma wa intaneti walifungua KIXP, kituo cha kubadilishana data humu nchini, ili barua pepe ya Mkenya kwa Mkenya isipande setilaiti, ivuke bahari na kurudi. Telkom ikalalamika kwamba ukiritimba wake umevunjwa, na mwezi uliofuata tume ya mawasiliano, CCK, ikakifunga. Kilifunguliwa tena Februari 2002. Wakati Wamarekani wanafungua WRT54G kwa bisibisi, sisi tulikuwa tumeruhusiwa juzi tu kuzungumza wenyewe kwa wenyewe.

Nyumbani laini ilikuwa ya shaba ya Telkom. Kwa hiyo mtu wa Kilimani au Lavington angeweza, kwa pesa nyingi, kuwa na intaneti. Kibera na Kawangware laini ya simu ndani ya nyumba ilikuwa kitu adimu sana. Intaneti ilikuwa saiba. Unaingia, unapewa mashine, saa inaanza kuhesabu. Kufikia katikati ya miaka ya 2000 shilingi moja kwa dakika ilikuwa bei ya kawaida mjini. Kizazi kizima kilijifunza kufungua barua pepe haraka, kunakili kwenye disketi, na kutoka.

Halafu ikaja 2009. Mwezi Juni Rais Kibaki alizindua kebo ya TEAMS Mombasa, inayotoka Fujairah. Julai ikafuata SEACOM. Mwaka uliofuata EASSy. Mitaro ikachimbwa Nairobi kote, tukaruka matope ya faiba mwaka mzima. Na hapa ndipo ramani inapoanza kusema. Faiba ilipita Ngong Road, mwendo mfupi tu kutoka Kibera. Iliingia Lavington, na Lavington na Kawangware ni majirani wa kutupiana mawe. Lakini mtaro ulisimama pale.

Kwa nini? Chukua Kibera kwanza. Ardhi ile ilianza kama makazi ya askari Wanubi wa King's African Rifles mwanzoni mwa karne ya 20. Wao ndio walioiita Kibra, yaani msitu. Serikali ilihesabu ardhi kuwa yake, na nyumba zilizojengwa baadaye zilisimama kwa ruhusa ya mdomo ya chifu, bila hati. Wanubi wenyewe walipata hati ya ekari 288 mwaka 2017 tu. Sasa kampuni ya faiba ikitaka kuchimba mtaro, inaomba ruhusa kwa nani? Fomu ya huduma inauliza jina la jengo, barabara, namba ya nyumba. Kwenye ramani nyingi Kibera yenyewe ilikuwa doa tupu, hadi vijana wa pale walipoichora kwenye OpenStreetMap kupitia Map Kibera, mradi ulioanza Oktoba 2009. Yaani mwaka uleule kebo ilipofika Mombasa ndio Gatwekera, Lindi, Makina na Laini Saba zilipoanza kuonekana vizuri kwenye ramani ya umma. Huwezi kuunganisha nyumba ambayo hifadhidata yako haiijui.

Kawangware ni hadithi nyingine. Pale ardhi kwa sehemu kubwa ina wenyewe, ni ploti za watu wenye hati. Kwa hiyo ruhusa ina mtu wa kuombwa, na ndiyo sababu upande wa Naivasha Road utaona ghorofa zimeota kati ya safu za mabati. Lakini mwenye ploti ana hesabu zake. Faiba inamletea nini, ikiwa vyumba vimejaa hata bila faiba? Mpangaji anahama baada ya miezi minane. Kampuni nayo inaona wateja wa kulipa leo na kukosa kesho. Ukiniuliza, pale kilichofunga mlango ni mkataba wa mwaka mzima, kuliko hati au mtaro.

Basi ruta ya kwanza kwa nyumba nyingi za mitaa hii ilikuwa nini? Kwa maoni yangu ilikuwa simu. Safaricom ilikuwa na 3G tangu 2008, na modemu za USB zilienea, lakini modemu inalisha kompyuta moja tu. Mwanzoni mwa 2011 ikauzwa Huawei IDEOS kwa shilingi elfu nane hivi, na ndani yake Android 2.2, toleo la kwanza la Android lenye kitufe cha kugeuza simu kuwa kituo cha waifai. Vifaa vinane viliweza kujiunga. Mwenye IDEOS akiwasha, dada yake na jirani wanaingia. Hakuna mtaro, hakuna fomu, hakuna fundi. Wale wanaoandika historia ya mtandao wetu kwa kuhesabu laini za faiba hawaioni kabisa ruta hii, kwa kuwa ilikuwa mfukoni. Ubaya wake mnaujua: bando. Unanunua megabaiti kama unavyonunua sukari ya kupima, na masasisho ya Windows ya jirani yanaimaliza yote kabla hujafungua ukurasa mmoja.

Tuje kwenye stima. Kibera ilizoea stima ya sambaza, waya unaoruka kutoka paa hadi paa, unalipa kwa mwezi kwa jamaa anayeusimamia. Inawaka, inazima, inapanda, inaunguza. Ruta haili umeme mwingi: TP-Link ya kawaida ya WR840N inatumia adapta ya volti 9, ampea 0.6, chini ya wati 6. Ila inataka umeme ulio sawasawa, na ikizimika inachukua dakika moja au mbili kuamka. Watu wa Ushahidi, waliokuwa na makao pale iHub Ngong Road, waliliona tatizo hili. Mwaka 2013 walichangisha dola 172,107 kwenye Kickstarter kutengeneza BRCK, ruta ngumu yenye betri ya saa nane na nafasi ya kadi ya simu. Ilianza kusafirishwa 2014. Mimi niliipenda sana kama mashine, lakini bei yake ilikuwa ya mashirika na maofisi, si ya mpangaji wa Gatwekera. Wazo lake ndilo lililoshinda: leo betri ndogo ya ruta, ya volti 9 au 12, inauzwa Nairobi kote. Shirika la umeme nalo, likisaidiwa na Benki ya Dunia, lilipeleka mita halali katika mitaa hii kwa ada ya shilingi 1,160 kila moja. Sambaza haikufa, lakini ilipata mshindani.

Kilichobadilisha mambo hasa ni kuacha kuchimba. Kampuni ya Poa ilianzia Kibera katikati ya miaka ya 2010, na Kawangware ilikuwa miongoni mwa mitaa yake ya mwanzo. Ufundi wake hauna uchawi. Mlingoti unasimamishwa juu ya jengo refu. Unarusha mawimbi kwa kipokezi kidogo kilichofungwa kwenye paa la mteja. Kutoka hapo waya unateremka kupitia tundu la ukutani hadi kwenye ruta. Hakuna barabara iliyochimbwa. Anayeombwa ruhusa ni mwenye paa moja, na mkataba unakwenda kwa mwezi. Kampuni ilipopata dola milioni 28 mwaka 2022, Africa50 ikiongoza, huduma yake ya nyumbani isiyo na kikomo ilikuwa shilingi 1,500 kwa mwezi.

Sasa ruta imefika kwenye nyumba ya futi kumi kwa kumi, na hapa panataka maelezo, maana vitabu vya maelekezo viliandikwa kwa ajili ya nyumba za ng'ambo. Vinashauri uiweke katikati ya nyumba, juu, ili ifike kila chumba. Wewe una chumba kimoja! Nguvu zile zote zinamwagikia majirani. Mabati yanarudisha mawimbi. Udongo wenye unyevu unayala. Kwa hiyo ishara inatoka kupitia mlango na dirisha na kusambaa uchochoroni. Nyumba ishirini zikifanya hivyo kwenye ploti moja, zote zinapigiana kelele kwenye 2.4 GHz. Ingia kwenye mipangilio, acha ile ya kujichagulia chaneli, chagua 1, 6 au 11 (zilizo katikati ya hizo zinaingiliana na pande zote mbili), weka upana wa 20 MHz, na punguza nguvu ya kurusha kama ruta yako inaruhusu. Tumia WPA2 au WPA3. WEP ilivunjwa tangu 2001, mtoto wa shule anaifungua. Zima WPS, udhaifu wake ulitangazwa mwishoni mwa 2011. Na tafadhali badilisha lile neno la siri la "admin".

Lakini neno la siri la waifai ni suala la ujirani kuliko la ufundi. Shilingi 1,500 ni pesa kwa mtu mmoja. Kwa nyumba tano ni 300 kila moja. Watu wanachanga, na mimi siwezi kuwalaumu. Tatizo ni kwamba mikataba mingi hairuhusu kuuza tena, na sheria ya Kenya inadai leseni kwa anayetoa huduma ya mawasiliano. Jina lililo kwenye mkataba ni la mmoja. Mpangaji wa tano akifanya utapeli mtandaoni, polisi wanabisha kwa yule mmoja. Taasisi ya Tunapanda, palepale Kibera, ilijaribu njia ya wazi zaidi: TunapandaNET, mtandao wa jamii unaounganisha shule na vituo vya vijana kwa waifai ya paa kwa paa, wenyeji wakifundishwa kuutengeneza wenyewe. Hapo ndipo moyo ule wa 2003 unapoonekana, watu kufungua kisanduku na kukipa kazi mpya. Mwaka 2021 Mamlaka ya Mawasiliano ilitoa utaratibu wa leseni kwa mitandao ya jamii. Ulikuja mwaka mmoja baada ya kuhitajika, kwa sababu shule zilifungwa Machi 2020 na masomo hayakurejea kwa wote hadi Januari 2021. Katika miezi ile, mtoto wa nyumba yenye ruta na mtoto wa nyumba ya bando hawakuwa darasa moja tena.

Jambo la mwisho. Julai 2018 matingatinga yaliingia Kibera kupitisha barabara ya kuunganisha Ngong Road na Langata, na watu wapatao 30,000 wakapoteza makazi. Faiba iliyozikwa chini ya nyumba haihami na mwenyewe. Kipokezi cha paa kinafunguliwa kwa spana, ruta inaingia kwenye mfuko wa plastiki pamoja na adapta yake, na ukifika unakohamia, ukiuona mlingoti kutoka paani, unaomba kuunganishwa upya. Ndiyo maana, nikiulizwa na mtu wa mitaa hii achukue huduma gani, swali langu la kwanza huwa kama akihama ataweza kuondoka nayo.