Vumbi la Witwatersrand: Nani Aliyehesabiwa?

Utotoni mwangu huko Rungwe, wazee waliokwenda na Wenela kuchimba dhahabu Afrika Kusini tuliwatambua kwa mambo mawili: baiskeli na kikohozi. Baiskeli tuliionea wivu. Kikohozi tulidhani ni uzee.

Haukuwa uzee. Mwamba wa Witwatersrand, ilikogunduliwa dhahabu mwaka 1886, umejaa silika ya fuwele. Keekee na baruti ziliusaga ukawa vumbi laini lisiloonekana kwa macho, likapenya hadi ncha za mapafu na kuacha makovu yasiyoponyeka. Ugonjwa huo, silikosisi, humfungulia mlango pia kifua kikuu.

Wakubwa walijua. Tume ya serikali ililichunguza suala hili mwaka 1902. Sheria za fidia zikatungwa 1911 na 1912. Agosti 1930 wataalamu wakakutana Johannesburg chini ya Shirika la Kazi Duniani. Elimu ilikuwapo. Kasoro ilikuwa wapi, basi?

Ilikuwa katika kupima. Mchimbaji Mzungu alichunguzwa kwa eksirei na ofisi maalumu ya madaktari. Mwafrika, kwa miongo mingi, alipitishwa upesi kwenye foleni, na kipimo chake kikuu kilikuwa mizani: aliyepungua uzito ndiye aliyeshukiwa. Tena silikosisi huchukua miaka kujitokeza. Mkataba ulipokwisha mtu alirudishwa kwao, akafia Lesotho, Msumbiji au Tanganyika, nje ya daftari. Asiyehesabiwa hakuonekana kuwa mgonjwa, na migodi ikasifiwa kuwa salama.

Thembekile Mankayi alichimba dhahabu tangu 1979 hadi 1995, akalipwa fidia ya randi 16,320. Machi 2011 Mahakama ya Katiba iliamua kuwa alikuwa na haki ya kumshtaki mwajiri wake. Alikuwa amefariki siku chache kabla. Hata hivyo, njia aliyoifungua ilizaa mapatano ya randi bilioni 5, yaliyoidhinishwa mwaka 2019.

Nawaandikia haya hasa ninyi watumishi wa umma. Wachimbaji wetu wadogo wa Geita na Mererani, na wapasua kokoto, huhama kila msimu. Kupima vumbi la hewani ni wajibu, lakini hakutoshi. Tusipomfuata mfanyakazi hadi kijijini kwake, miaka baada ya kuweka sururu chini, tutakuwa tumerithi mizani ile ile.