Jengo lisilopumua: historia fupi ya ofisi, kiyoyozi na mchwa wa Harare

Nilipoanza shahada ya uzamili nilipata meza kwenye ofisi moja ya ghorofa ya nne, katika jengo la vioo jijini Dar es Salaam. Kwa nje linapendeza kweli. Siku moja umeme ukakatika, jenereta nalo likagoma. Haikupita nusu saa, wote tulikuwa chini ya mwembe. Madirisha yalikuwa hayafunguki, na yalitengenezwa hivyo makusudi.

Hebu tujiulize: ilikuwaje tukaanza kujenga majengo yasiyoweza kupumua bila mashine?

Kisa kinaanzia kwenye karatasi. Mwaka 1902, kiwanda kimoja cha uchapaji huko Brooklyn, Marekani, kilikuwa na shida: unyevu ulifanya karatasi zivimbe, rangi zikawa hazikai mahali pake. Injinia kijana, Willis Carrier, akasanifu mtambo wa kudhibiti unyevu wa hewa. Yaani kiyoyozi cha kisasa kilianza kwa kuihudumia karatasi. Binadamu alifuata baadaye.

Mwaka 1928 jengo la Milam la San Antonio, Texas, lenye ghorofa 21, likawa ofisi ndefu ya kwanza kupozwa lote kwa mitambo. Mwaka 1952 New York ikapata Lever House, mnara wa vioo wenye madirisha yaliyozibwa moja kwa moja. Zamani msanifu alilazimika kufikiria upepo, kivuli na upana wa chumba. Sasa aliweza kuchora boksi lolote, mashine ikamalizia kazi. Umeme ulikuwa rahisi, nani angejali?

Bili ilikuja 1973. Nchi za Kiarabu ziliposusia kuiuzia Marekani mafuta, bei ikapanda karibu mara nne ndani ya miezi michache. Ghafla wasanifu wakaanza kuuliza jengo linakula nishati kiasi gani.

Jibu mojawapo zuri lilitoka Afrika. Mwaka 1996 Harare ilifungua Eastgate, jengo la ofisi na maduka lililosanifiwa na Mzimbabwe Mick Pearce pamoja na wahandisi wa kampuni ya Arup. Halina mtambo mkuu wa kiyoyozi. Siri yake ni zege na usiku. Zege hupata joto polepole. Mchana linafyonza joto la watu, taa na kompyuta. Usiku Harare hupoa, kwa sababu iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Hapo feni zinasukuma hewa baridi kupitia mianya iliyo ndani ya sakafu, na joto la mchana linatokea juu kwenye mabomba kama ya moshi. Asubuhi wafanyakazi wanakuta zege limeshapoa. Feni zinatumia umeme, ndiyo, ila ni kidogo mno ukilinganisha na mitambo ya kupoza jengo zima.

Pearce alisema wazo alilipata kwenye kichuguu cha mchwa. Sasa hapa pana utamu: mwaka 2008 watafiti J. Scott Turner na Rupert Soar walionyesha kuwa kichuguu hakifanyi kazi hivyo. Joto la kiota hufuata zaidi joto la udongo, na kichuguu chenyewe hufanya kazi kama pafu, kikibadilishana hewa kwa msaada wa upepo. Mfano haukuwa sahihi, lakini jengo linafanya kazi. Sayansi ina vituko vyake.

Je, tunakili Eastgate kila mahali? Hapana. Nairobi, yenye usiku wa baridi, inaweza. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri mwaka 2011 zinategemea hewa ya asili, na zina paneli za sola zenye eneo la mita za mraba 6,000 hivi. Lakini Dar usiku wa Januari ni joto lilelile na unyevu juu. Ukingoja hewa baridi ya usiku, utangoja sana.

Pwani ina somo lake. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, ilizungushiwa varanda pana, ikawa na dari za juu, ikatazama bahari inakotoka hewa. Na haikuwa jengo la watu waliogopa teknolojia: inatajwa kuwa ya kwanza Zanzibar kuwaka taa za umeme. Umeme ulikuwa wa mwanga, kivuli na upepo vikashughulikia joto.

Simaanishi tung'oe viyoyozi. Kuna vyumba vya seva, kuna hospitali, na kuna siku za Februari ambazo hata varanda haitoshi. Ninachosema ni kwamba kiyoyozi kije mwisho, baada ya kivuli, upepo na ukuta kufanya kazi yao. Na paneli za sola juu ya boksi la kioo lililozibwa zitalipia kosa tu, hazitalirekebisha.

Minara mingi ya Dar bado iko kwenye karatasi. Ikishamwagwa zege, tutaishi nayo miaka hamsini au zaidi. Kwa hiyo ukikutana na mchoro wa jengo jipya, anza na swali dogo: dirisha linafunguka?