Michael Enoch na Pumzi ya Sikinde

Muziki wa dansi wa Tanzania Bara umezoea kukumbukwa kwa sauti za waimbaji wake. Likitajwa jina la Mlimani Park, masikio hukimbilia kwa Muhiddin Maalim, kwa Hassan Bitchuka, kwa Cosmas Chidumule aliyetunga "Neema". Ni haki yao. Lakini bendi ile iliyochukua jina lake kwenye baa ya Mlimani Park, upande ule wa Mwenge na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa na mtu mwingine ambaye hakuimba wala hakusifiwa kwa mashairi, naye ndiye aliyeamua kila sauti iingie wapi na inyamaze wapi. Huyo ni Michael Enoch, aliyeitwa "King" na mashabiki, na "Ticha" na wanamuziki wenzake, kwa kuwa wengi miongoni mwao walipitia mikononi mwake.

Kumwelewa Enoch kunataka kurudi nyuma kidogo. Jazi ya pwani haikuwa jazi ya New Orleans, ingawa jina ni moja. Tarumbeta na ngoma za kijeshi zilikuwa zimekwisha kuingia katika ngoma ya beni, iliyoanzia Lamu na Mombasa mwishoni mwa karne ya 19, kisha ikaenea hadi Tanganyika na vyama vyake vya Marini na Arinoti vilivyoshindana kwa sare, vyeo na mbwembwe. Vijana wa mjini walipoanza kucheza dansi, neno jazi likawa jina la bendi yoyote ya ala za kisasa. Dar es Salaam Jazz Band iliasisiwa mwaka 1932, nayo huhesabiwa kuwa ya mwanzo mjini humo. Baadaye zikaja Kilwa Jazz, Western Jazz na nyinginezo, na majina yao yenyewe yanaeleza habari nzima: watu waliohamia mji mkuu walikusanyika kwa asili zao, wakaweka neno la kigeni mbele ya nyumbani kwao.

Enoch alijiunga na Dar es Salaam Jazz mwaka 1960, mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Aliingia akiwa mpiga gita, akapanda hadi kuwa kiongozi wa bendi, na gita halikumtosha. Alikuwa mtu wa ala nyingi. Alipofika Mlimani Park alikuwa mpuliza saksafoni, na humo ndimo ustadi wake ulipopata uwanja.

Bendi hiyo ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya umma ya usafiri na teksi, na ilipofika 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Ndiyo desturi ya zama zile: vyombo vilikuwa mali ya shirika, mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. NUTA Jazz, iliyoanza mwaka 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi, na humo Joseph Lusungu alipuliza tarumbeta kwa namna iliyowafunza wengi kwamba ala hiyo yaweza kulia bila kupiga kelele. Mlimani walichukua jina la mtindo wao, Sikinde, kutoka ngoma ya Wazaramo, wenyeji wa ardhi ambayo mji umekaa juu yake.

Sasa tazama mpango wa wimbo wa Sikinde. Sehemu ya kwanza huenda taratibu. Gita la solo, la solo ya pili, la ridhimu na la besi hufuma mkeka mmoja, na juu yake mashairi husomeka neno kwa neno. Wapulizaji hungoja. Hujibu mwisho wa ubeti, kwa kifupi, kisha hunyamaza tena. Msikilizaji wa taarabu wa Unguja atalitambua jambo hili mara moja, kwa kuwa fidla na ganuni nazo hupewa nafasi yao kati ya beti, wala hazimkanyagi mwimbaji. Tofauti huja baadaye: katika dansi wimbo hugeuka, mwendo huongezeka, hilo ndilo chemko, na hapo saksafoni na tarumbeta hushika hatamu huku maneno yakibaki machache. Kwanza shairi, ndipo miguu. Kuheshimu mpangilio huo, na kujua ni pumzi kiasi gani ya kuzuia kabla ya kuiachia, ilikuwa kazi ya Enoch. Mtu asiyekuwa na sikio la shairi hawezi kazi hiyo.

Kipimo chake kilikuja mwaka 1985. Mfanyabiashara Hugo Kisima, mwenye Orchestra Safari Sound, aliwavuta Maalim, Bitchuka, Abel Balthazar na wenzao, wakaenda kuanzisha mtindo wa Ndekule. Kwa bendi inayosimama juu ya waimbaji wake, hicho kilikuwa kifo. Enoch hakuwamo miongoni mwa walioondoka. Waliingizwa wapya, akiwemo Max Bushoke, wakafundishwa, na bendi ikaendelea kusikika kuwa Sikinde. Sauti zilikuwa nyingine. Mpango wa magita, zamu za wapulizaji na subira kabla ya chemko vilikuwa vilevile. Tukio hilo linajibu swali la nani mwenye wimbo kwa namna ambayo sifa za redioni hazikulijibu, maana Redio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi kwa miaka mingi, na msikilizaji alishika majina ya bendi na waimbaji. Mpangaji wa ala alibaki ndani ya mkanda, akisikika bila kutajwa.

Safari Sound nayo haikudumu. Baadhi ya waliokwenda huko walirudi, na Bitchuka akasimama tena mbele ya kipaza sauti cha Mlimani Park, nyuma yake wapulizaji wakisubiri mwisho wa ubeti.