Nani Alipie Fildi? Historia ya Mwanafunzi wa Biashara Kazini

Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye pwani na bara walimjua zaidi kwa jina la Tippu Tip, anasimulia katika tawasifu yake kwamba alianza biashara akiwa na umri wa miaka 12. Hakukabidhiwa msafara wa pembe. Alifuatana na jamaa zake katika safari za karibu za kununua sandarusi, na ni alipofikisha miaka 18 ndipo alipokwenda na baba yake hadi Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Huyu ndiye aliyekuja kuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe za ndovu, na wa watumwa pia, doa ambalo utajiri wake haukulifuta. Lakini namna alivyofundwa haikuwa ya kubahatisha: kwanza njia fupi, kisha njia ndefu, na wakati wote yupo mtu mzima wa kumkosoa.

Upande wa Wahindi wa pwani mambo hayakuwa mbali na hayo. Allidina Visram alifika Zanzibar mwaka 1863 akitokea Kutch, naye akiwa na miaka 12. Akaingia Bagamoyo katika nyumba ya biashara ya Sewa Haji Paroo, yule ambaye jina lake bado limo kwenye jengo la Sewahaji pale Muhimbili. Kwa miaka mingi alikuwa mtu wa kutumwa: kupima, kuandika, kufungasha mizigo ya wapagazi. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, Visram akaishika sehemu ya biashara ya misafara, kisha akafuata reli ya Uganda akifungua duka baada ya duka. Alipokufa mwaka 1916 maduka yake yalikuwa yametapakaa Kenya, Uganda na kwingineko, na shule ya sekondari iliyojengwa na mwanawe Mombasa inaitwa kwa jina lake hadi leo.

Katika mpango huo hapakuwa na utata kuhusu nani anagharamia. Tajiri alimlisha kijana na kumlaza, naye kijana akamtumikia. Mtihani nao ulikuwa mmoja tu: siku tajiri alipokubali kumpa mali kwa mkopo aende akauze mwenyewe, soko zima lilijua kwamba amefuzu. Ila mlango huo ulikuwa wa ndugu, wa kabila na wa madhehebu. Mtoto asiye na mjomba dukani hakuwa na pa kupeleka maombi.

Serikali za kikoloni zilitaka makarani, si matajiri. Shule ya Kijerumani ya Tanga, iliyoanza miaka ya 1890, iliwafundisha vijana kusoma na kuhesabu pamoja na kazi za mikono, na kutoka kwenye mitambo yake ya uchapaji likatoka gazeti la Kiongozi kuanzia mwaka 1904. Uchapaji pale ulikuwa somo na ajira kwa pamoja. Waingereza walichelewa zaidi. Mzumbe ilianza mwaka 1953 kama shule ya kuwafundisha watendaji wa serikali za mitaa. Elimu ya biashara kwa Mwafrika ilipata msukumo mkubwa upande wa ushirika, hasa Kilimanjaro, ambako wakulima wa kahawa walikuwa na chama chao kikuu cha ushirika, KNCU, tangu mwaka 1933 na walihitaji makatibu wanaojua kufunga hesabu za msimu bila kuwaibia. Chuo cha Ushirika Moshi kikafunguliwa Januari 1963.

Miaka miwili baadaye, 1965, kikaja Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, Dar es Salaam. Shahada ya biashara yenyewe ilikuwa bado Nairobi, kwa kuwa katika Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki vyuo viligawana taaluma: Dar es Salaam ilianza na sheria, Nairobi ikawa na biashara. Mtanzania aliyetaka digrii hiyo alipanda basi kwenda Kenya.

Swali la nani amlipie msomi anayefanya kazi kabla hajawa mwajiriwa kamili lililipuka Oktoba 1966. Serikali ilitaka wahitimu waingie Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili: miezi mitano kambini, na muda uliobaki kila mmoja kwenye kazi ya fani yake, akilipwa asilimia 40 ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana hadi Ikulu. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, kisha akawafukuza karibu 400 warudi makwao, na siku hiyohiyo akatangaza kupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Habari hii husimuliwa kama ugomvi wa siasa, na kweli ilikuwa siasa. Lakini ukiitazama kwa jicho la mhasibu, ulikuwa pia ugomvi wa kwanza mkubwa nchini kuhusu thamani ya kazi ya mtu anayehesabiwa kuwa bado anajifunza.

Azimio la Arusha lilipotangazwa Februari 1967 na mabenki kutaifishwa, tatizo la nafasi likapungua kwa njia ambayo kizazi cha sasa kinaweza kuionea wivu. Benki ya Taifa ya Biashara, Shirika la Bima, Shirika la Biashara la Taifa na baadaye makampuni ya biashara ya mikoa, RTC, yote yalikuwa mali ya serikali, na vyuo vilikuwa vya serikali hiyohiyo. Mwaka 1972 ukaleta mfululizo: Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, IDM, pale Mzumbe, na Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi, NBAA. Aliyesomesha na aliyeajiri walikuwa mtu mmoja, kwa hiyo kumpeleka mwanafunzi kwenye shirika likizo ndefu ilikuwa suala la barua kati ya ofisi mbili za serikali.

Kisha, Novemba 1974, chama tawala kikageuza mpangilio wote. Azimio la Musoma lilisema kijana akimaliza kidato cha sita asiende moja kwa moja chuo kikuu. Aende jeshini mwaka mmoja, afanye kazi, kisha mwajiri na chama wamwandikie sifa ndipo aombe nafasi. Kazi ikatangulia darasa. Wahadhiri wa zamani watakwambia madarasa ya miaka ile yalikuwa na watu wazima waliojua ofisi inavyoendeshwa, waliobishana na mwalimu kwa mifano ya kazini. Hasara yake ilijitokeza mapema upande wa wasichana: idadi yao chuoni ilishuka, na serikali ikalazimika kuwaondolea sharti hilo baada ya muda mfupi. Na barua ya sifa kutoka kwa mkubwa wa kazi, kama mtu yeyote aliyewahi kuwa chini ya mkubwa anavyojua, haikupima akili peke yake.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha Kitivo cha Biashara na Uongozi mwaka 1979. Baada ya sharti la Musoma kulegezwa miaka ya 1980, wanafunzi wengi zaidi wakawa wanatoka sekondari bila kugusa ofisi, na mzigo wa kuwapatia uzoefu ukabaki kwa mafunzo ya vitendo ya likizo. Wanafunzi wenyewe hawakuyaita hivyo kwa muda mrefu. Waliyaita fildi.

Miaka ya 1990 ilivunja ule udugu wa chuo na shirika. Sheria ya mabenki ya 1991 ikaruhusu benki binafsi, mashirika yakaanza kuuzwa, na mwaka 1997 Benki ya Taifa ya Biashara ikagawanywa, ndipo ikazaliwa NMB. Meneja mpya hakuwa na deni lolote kwa chuo. Wakati huohuo vyuo viliongezeka, vya binafsi na vya umma, hadi Chuo Kikuu cha Dodoma mwaka 2007, na karibu kila kimoja kilikuwa na programu ya biashara, kwa sababu programu hiyo haihitaji maabara. Viti vya ofisini havikuongezeka kwa kasi hiyo.

Hapo ndipo krediti zilipoingia. Chimbuko lake liko mbali na la kuchekesha kidogo: mwaka 1906 wakfu wa Carnegie nchini Marekani ulitaka kuwalipa maprofesa pensheni, ukalazimika kwanza kuamua chuo ni nini, na njia iliyopatikana ilikuwa kuhesabu saa za masomo ambazo mwanafunzi anayeingia chuoni awe amezikamilisha. Kutoka kwenye hesabu hiyo ya pensheni ukaenea utamaduni wa kupima elimu kwa saa. Tanzania nayo, chini ya Tume ya Vyuo Vikuu, TCU, imeweka krediti 1 kuwa sawa na saa 10 za kujifunza, na shahada ya miaka 3 kuwa na krediti zisizopungua 360.

Sasa tufanye hesabu. Fildi ya wiki 8, siku 5 kwa wiki, saa 8 kwa siku, ni saa 320. Kwa kipimo hicho ni krediti 32, zaidi ya robo ya mwaka mzima wa masomo. Programu nyingi huipa fildi kidogo kuliko hapo. Vyuo vina sababu: si kila saa ya ofisini ni saa ya kujifunza, na mhadhiri hawezi kuapa kwamba mwanafunzi hakushinda akitumwa chai. Hata hivyo pengo hilo lina ujumbe wake, na wanafunzi huusoma haraka: somo la darasani lenye mtihani ndilo lenye uzito.

Alama zenyewe hutoka sehemu tatu. Iko logibuku, daftari la kila siku ambalo msimamizi wa ofisini hulitia sahihi; iko fomu ya siri anayoijaza msimamizi huyo; na iko ripoti, pamoja na ziara ya mhadhiri anayekuja kuona kama mwanafunzi yupo kweli. Anayetaka krediti zake zisipate dosari huhakikisha chuo kimeidhinisha ofisi hiyo kabla hajaripoti, maana wiki 8 kwenye duka la shangazi bila barua ya chuo ni msaada wa kifamilia tu. Kuhusu logibuku, siri inajulikana kampasi zote: ziko zinazoandikwa usiku mmoja kwa kalamu mbili za rangi tofauti.

Kupata nafasi ndiko kwenye kibarua. Chuo hutoa barua ya utambulisho, kisha kijana huanza kuzunguka, Posta, Kariakoo, ofisi za halmashauri. Wenye mtu huitwa wiki hiyohiyo. Wasio na mtu huambiwa waache barua mapokezi. Kwa hili, karne na nusu tangu Bagamoyo hazijabadilisha mengi kama vyuo vinavyopenda kuamini.

Kalenda nayo ina la kumsaidia mwenye kuitazama. Fildi nyingi huangukia Julai hadi Septemba. Mwaka wa fedha wa serikali huisha Juni 30, na taasisi za umma zina miezi 3 kuwasilisha hesabu za mwaka kwa Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu. Mwanafunzi wa uhasibu aliyeko halmashauri mwezi Agosti anakuta idara iko katikati ya kufunga vitabu, na mikono ya ziada inakaribishwa. Mwenzake aliyeng'ang'ania kampuni inayofunga hesabu Desemba atakuta msimu wenye joto umepita, na huenda akaishia kupanga majalada. Jina la kampuni linapendeza kwenye wasifu, lakini halifundishi usuluhisho wa hesabu za benki.

Wakenya walichukua njia nyingine. Sheria yao ya mafunzo ya viwandani ni ya mwaka 1959, na tangu miaka ya 1970 waajiri hutozwa ushuru wa mafunzo, ambao kwa sasa ni shilingi 50 za Kenya kwa kila mfanyakazi kila mwezi. Mamlaka yake, NITA, ya mwaka 2011, husaidia pia kuwatafutia wanafunzi nafasi za atachimenti, jina lao la fildi. Hakuna anayedai kwamba foleni zimekwisha Nairobi. Lakini ushuru huo angalau unamkumbusha mwajiri kila mwezi kwamba mafunzo yanamhusu.

Tanzania pia hutoza. Tozo ya maendeleo ya ujuzi, iliyopungua hadi asilimia 3.5 ya mishahara mwaka 2023, hulipwa na waajiri wenye wafanyakazi kuanzia 10, na ndiyo sababu wengi wao huona wameshatoa mchango wao kabla mwanafunzi hajabisha hodi. Mwaka 2017 serikali ilitoa mwongozo wa mafunzo ya uzoefu kazini, lakini huo uliwalenga waliokwisha kuhitimu. Anayesoma bado amebaki na chuo chake na Bodi ya Mikopo.

Bodi hiyo, iliyoundwa kwa sheria ya 2004 na kuanza kazi mwaka uliofuata, iliingiza fildi kwenye orodha ya mambo inayoyagharamia. Kwa miaka mingi kiwango kilikuwa shilingi 10,000 kwa siku, kwa siku zisizozidi 56, yaani shilingi 560,000 za nauli, chumba na chakula katika mji ambao pengine mwanafunzi hana ndugu. Pesa hiyo imewawezesha maelfu kufika ofisini. Lakini ni mkopo. Ofisi iliyomkaribisha mara nyingi haimlipi kitu, chuo kinampa krediti pungufu ya saa alizotumika, na akishaajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi hukatwa kila mwezi hadi deni liishe, likiwemo la zile wiki 8 alizofanya kazi bure.