Mkunazini: Soko, Shimo na Vyumba vya Kusingiziwa

Mgeni akifika Mkunazini, Unguja, huteremshwa kwenye vyumba vya chini vya jengo la Mtakatifu Monika, akaambiwa humo ndimo watumwa walimofungiwa wakisubiri mnada. Dari fupi, hewa nzito; wengi hutoka kimya. Ila tarehe zinakataa. Sultani Barghash wa Zanzibar, akibanwa na Waingereza, alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa tarehe 5 Juni 1873. Jengo hilo wamisionari wa UMCA, misioni ya Kianglikana kutoka Uingereza, walilijenga baadaye, likawa hospitali yao. Wapo wanaoshikilia kuwa vyumba vilitangulia, jengo likapandishwa juu yake. Nitawaamini siku watakapoleta ushahidi.

Soko lenyewe lilikuwa uwanja wa wazi. Askofu Edward Steere alisimamisha kanisa kuu papo hapo, na alipofariki mwaka 1882 akazikwa humo humo. Mbele ya altare kuna duara la marumaru sakafuni; husemwa ndipo watumwa walipofungwa na kuchapwa viboko. Kanisa lilishinda soko, lakini pia lililifunika.

Ndiyo maana nauheshimu mchongo wa Clara Sörnäs, msanii wa Sweden, uliowekwa uani mwaka 1998: shimo lililojengewa kuta, na ndani yake sanamu tano za watu, minyororo shingoni. Ukisimama ukingoni unawatazama kwa juu, kama alivyowatazama mnunuzi, na huwezi kuikwepa nafasi hiyo. Wanaolalamika kwamba watu hawakunadiwa shimoni wamekosea shabaha. Mchongo haudai hivyo. Kila mtu anajua ni kazi ya msanii. Vyumba ndivyo vinavyojitia kuwa ushahidi.

Na hapo ndipo penye hatari. Wapo hadi leo wanaoupunguza uzito wa biashara ile ya watumwa. Mtu wa namna hiyo akimnasa mtembeza wageni kwenye uongo wa vyumba, atalikana na soko pia.



Kibao kimoja mlangoni mwa vyumba kingetosha: hospitali ya misioni, iliyojengwa baada ya soko kufungwa. Watalii hawatapungua, na waliouzwa pale hawahitaji kutiliwa chumvi.