Asilimia 13: nani alihesabu vyuo vyetu, na nani alimlipa?

Haya wandugu, leo tuache siasa za wiki tuzungumze namba. 26, 17 na 13. Sio za bahati nasibu, ingawa kuna watu zilizowaharibia maisha kuliko kamari.

Mwaka 1985 mchumi wa Benki ya Dunia, George Psacharopoulos, alichapisha majedwali yanayoonyesha jamii inapata faida gani ikitia fedha kwenye elimu. Kwa Afrika, elimu ya msingi ilirudisha asilimia 26, sekondari 17, chuo kikuu 13. Hesabu yenyewe si ngumu. Unachukua mshahara wa aliyesoma, unalinganisha na wa asiyesoma, halafu unatoa gharama za kumsomesha. Mwanafunzi wa chuo anagharimu mara nyingi zaidi ya mtoto wa darasa la tatu, kwa hiyo hata akija kulipwa vizuri asilimia yake itakuwa ndogo.

Ukisoma haraka unaelewa jambo moja tu: kama serikali yako ni maskini, shilingi ya chuo kikuu ipelekwe shule ya msingi. Na ndivyo ilivyosomwa. Mwaka 1986, kwenye mkutano na makamu wakuu wa vyuo vikuu vya Afrika pale Harare, Benki ilitoa hoja kwamba elimu ya juu kwa Afrika ni anasa. Mahmood Mamdani wa Makerere alikuja kuuandika mkutano huo baadaye. Kati ya 1985 na 1989 asilimia 17 ya fedha ambazo Benki ilitumia kwa elimu duniani zilikwenda elimu ya juu. Kati ya 1995 na 1999 ilibaki asilimia 7.

Sisemi jedwali moja ndilo lililobomoa mabweni ya Mlimani. Uchumi ulikuwa hoi, serikali haina kitu, vita vya Kagera vilikuwa vimekula akiba. Lakini serikali inayotafuta pa kukata ikipewa sababu ya kitaalamu ya kukata mahali fulani, unadhani itafanya nini? Miaka ya tisini mwanzoni uchangiaji wa gharama ukaingia Tanzania na Kenya, na wazee wetu waliosoma wakati ule wanakumbuka migomo na vyuo kufungwa.

Kilichonivuta mimi ni swali jingine kabisa. Kwa nini hatukujibu?

Usiniambie hatukuwa na wasomi. Huyu ni Mlimani wa Walter Rodney na Issa Shivji, mahali ambapo ubeberu ulichambuliwa mpaka usiku wa manane. Lakini ubishi wa namba unajibiwa kwa namba. Psacharopoulos alikuwa na majedwali. Sisi tulikuwa na hoja nzuri sana na rejista zinazoliwa na mchwa. Nadhani (na hapa wakubwa wangu mtanisamehe) kukaa miezi sita unahesabu nani aliingia, nani alimaliza na ameajiriwa wapi haikuonekana kazi ya heshima. Halafu hakukuwa na aliyelipia. Mhadhiri wa miaka ya themanini alikuwa anafuga kuku ili watoto wale, ndio umwambie akafuatilie wahitimu wa 1974?

Jibu zito la kitakwimu lilikuja 1996, na aliyelitoa ni Mwingereza, Paul Bennell. Alirudi kwenye tafiti zilizozaa zile asilimia za Afrika, akaonyesha nyingi zilikuwa za zamani, data zake dhaifu, na hazitoshi kubeba mzigo wa sera waliotwishwa. Yaani makala moja tu, ya mtu aliyekaa chini akasoma namba kwa makini. Ilichelewa miaka kumi.

Sasa twende kwenye fedha, maana hapo ndipo penye utamu. CODESRIA, baraza la utafiti wa sayansi za jamii lililoanza Dakar mwaka 1973 chini ya Samir Amin, kuanzia mwishoni mwa miaka ya themanini lilitoa ruzuku ndogo kwa wanafunzi wanaoandika tasnifu. Fedha kiduchu, lakini zilitosha kumtoa mtu maktaba isiyo na vitabu vipya akafanye utafiti. Mwaka 2003 likaanzisha jarida la elimu ya juu Afrika kwa kushirikiana na Chuo cha Boston. Kumbe mtu akipata data, sasa ana pa kuchapisha.

Mwaka 2000 wakaja wenye mifuko mikubwa: Carnegie, Ford, MacArthur na Rockefeller waliungana kusaidia vyuo vya Afrika, wengine watatu wakajiunga baadaye. Mpaka 2010 walikuwa wametoa dola milioni 440 kwa nchi tisa, Tanzania, Kenya na Uganda zikiwemo. Sehemu kubwa ilikwenda kwenye mambo yanayoonekana. Kipande kidogo kikaenda kwa mradi ambao wengi wenu hamjawahi kuusikia: HERANA.

HERANA iliendeshwa kutoka Cape Town na kituo cha CHET chini ya Nico Cloete, Norway nayo ikichangia. Walichukua vyuo vinane vikongwe: Dar es Salaam, Nairobi, Makerere, Botswana, Cape Town, Eduardo Mondlane, Ghana na Mauritius. Wakauliza maswali ya mwenye duka. Mna wanafunzi wangapi wa uzamivu? Wangapi humaliza? Walimu wenye PhD ni wangapi? Mmechapisha nini? Pembeni yake ikawepo shahada ya uzamili ya masuala ya elimu ya juu katika Chuo cha Western Cape, kwa ushirikiano na Oslo, ili Waafrika wenyewe wajifunze kazi hii.

Tatizo la kwanza lilikuwa kupata namba zenyewe, kwa sababu vyuo havikuwa na mazoea ya kuzikusanya pamoja wala tafsiri moja ya nini kihesabiwe. Silishangai hilo. Niliwahi kuuliza chuo kimoja (sikitaji) kina wanafunzi wangapi wa uzamivu. Ofisi tatu, majibu matatu, na ya nne ikanitaka niandike barua.

Majibu yalipopatikana hayakumpendeza kila mtu. Kati ya vyuo vinane, Cape Town peke yake ndicho kilichofanana na chuo cha utafiti. Vingine kazi yake kubwa ilikuwa kufundisha shahada ya kwanza. Na moja ya sababu walizoeleza watafiti tunaifahamu vizuri hapa Dar: kazi ya ushauri kwa mashirika inalipa haraka, kumsimamia mwanafunzi wa uzamivu kwa miaka mitano hakulipi. Namba hizi nazo zinauma, lakini safari hii vyuo vyenyewe vilikaa mezani vikazijadili.

Wenzetu Marekani kazi hii ilibebwa na serikali. Kituo cha taifa cha takwimu za elimu kilikusanya taarifa za kila chuo kinachopokea fedha za shirikisho za wanafunzi, na kwa miaka mingi, pamoja na mfuko wa taifa wa sayansi, kililipia mafunzo na ruzuku za tasnifu kwa vijana wanaotaka kuzitumia. Nilikuwa nawaonea wivu. Kisha Februari 2025 mikataba mingi ya utafiti wa elimu ikafutwa kwa mpigo, na Machi wafanyakazi wa kituo kile, waliokuwa karibu mia, wakabaki watu wa kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Wivu ukaniisha.

HERANA ilifikia mwisho 2017, wafadhili wakaelekea kwingine. Kitabu chake cha mwisho kilitoka 2018. Vyuo kadhaa vya lile kundi, Dar, Nairobi na Makerere vikiwemo, viko kwenye ARUA, umoja wa vyuo vya utafiti uliozinduliwa Dakar mwaka 2015, kwa hiyo kujiita chuo cha utafiti tunaendelea. Vitabu vya HERANA vipo bure mtandaoni kwa mchapishaji African Minds. Kama uko Mlimani na unahangaika na mada ya tasnifu, anza na majedwali ya Dar es Salaam, kisha nenda ofisi ya mipango ukaombe namba za miaka iliyofuata. Beba barua.